Kompyuta Iliyowaamkia Wazee Asubuhi Nzima

Leo sura yangu sijui niitie kwenye gunia gani.

Naandika nikiwa stoo, nyuma ya viroba vya pumba, kwa simu, kwa kidole kimoja. Naandika polepole kama mnavyonijua. Mwenye haraka aje tu Chanji, huku kila mtu anasimulia kwa kasi yake.

Kwa waliojiunga na kundi hivi karibuni: mimi ni Filbeti. Nimeishia darasa la saba. Nasaidia kwenye mashine ya kusaga ya Mjomba Akwilini, hapa Chanji, Sumbawanga. Kazi yangu ni kubeba, kumimina mahindi na kushona midomo ya viroba. Kazi yangu nyingine, ambayo mjomba hajawahi kuiita kazi, ni kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Java. Kompyuta ni ya mtumba, ile ya kukunja. Mjomba aliinunua kwa ajili ya hesabu za mashine, halafu hesabu akaendelea kuzipiga kichwani, kompyuta ikabaki na mimi. Tumezoeana. Nikiongea na mtu mzima macho yangu huanza kutafuta kitu chini, kama nimedondosha sindano. Kompyuta hainiangalii usoni. Ndiyo maana tunaelewana.

Sasa sikilizeni. Shida ya mashine yetu ni umeme. Mteja anafika na mahindi yake, umeme unakatika. Anakaa, anapiga miayo, anaondoka. Akishafika nyumbani tu, umeme huo! Anayeumia zaidi ni Mzee Masunga. Huyu ni wa zile familia za Wasukuma zilizohamia huku na ng'ombe zao. Anakaa kijijini Mollo, anakuja na tela la ng'ombe, mwendo wa kukatisha tamaa, na mara nyingi anafika kwetu na kukuta mashine imenyamaza kama kaburi.

Nikawaza: si tuwe tunawatumia wateja meseji umeme ukirudi?

Kuna huduma mtandaoni inayotuma meseji. Unaiandikia bahasha ndogo ya JSON, maandishi yenye mpangilio ambao kompyuta zinauelewa, ndani yake unasema nani atumiwe na aambiwe nini. Programu yako ya Java inaipeleka bahasha kwenye anuani ya ile huduma. Seva, yaani kompyuta ya kule, inaipokea, inatuma meseji, halafu inakurudishia namba ya jibu. Mimi namba ya furaha niliyoijua ilikuwa moja tu: mia mbili. Mia mbili maana yake sawa, imepokelewa. (Kumbukeni hapa. Hapa ndipo nilipojichimbia shimo, na nilichimba kwa bidii.)

Mjomba hakuamini. Mjomba alikuwa na mpango wake. Mzee Masunga ana baiskeli imara, yenye keria ya chuma, na ana binti anayesoma sekondari anayelilia kompyuta. Mjomba anahitaji baiskeli ya kupelekea unga madukani. Mnaona mambo yalivyokuwa yanaelekea? Mimi niliona, nikakosa usingizi.

Jana akaniambia, "Filbeti, hicho chombo chako kikimleta mteja hata mmoja hapa mashineni, kitabaki. Kisipoleta, kesho Masunga anakuja na baiskeli, tunabadilishana."

Nikasema, "Sawa mjomba." (Nikiwa na mambo mengi moyoni huwa nasema sawa mjomba.)

Basi nikakaa kuimalizia programu. Meseji niliyokuwa nimeandika ilikuwa hii: "Umeme umerudi. Leta mahindi." Nikaisoma. Nikaisoma tena. Nikaona aibu peke yangu mle stoo. Yaani mimi Filbeti, nimwambie Bibi Leokadia "leta mahindi" bila hata shikamoo? Bibi aliyenibeba mgongoni? Nikaongeza shikamoo mwanzoni. Bado haikukaa vizuri. Huwezi kumwamkia mtu mzima na kumtupia shida yako kwa pumzi moja. Unaamkia. Unasubiri. Akiitika marahaba, ndipo unasema kilichokuleta. Mama yangu alinifundisha hivyo kwa mdomo, na siku nyingine kwa mwiko.

Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo nililiona ni la akili kubwa mno. Nikaigawa meseji mara mbili. Bahasha ya kwanza ikawa hivi (namba ya simu nimeificha):

{"kwa": "namba ya mzee", "ujumbe": "Shikamoo. Ni Filbeti wa mashine."}

Halafu nikaiambia Java: subiri jibu la seva. Likija mia mbili, hiyo ndiyo marahaba, tuma sasa bahasha ya pili yenye habari ya umeme. Likija jibu lingine lolote, ujue mzee hajasikia. Usiseme neno. Zunguka kwa wengine, pumzika kidogo, kisha rudi umwamkie tena kwa heshima.

Jamani, nilijipenda! Nilijiona ndiye mtu wa kwanza kuandika Java yenye adabu.

Nikaijaribu kwenye ile anuani ya majaribio ya huduma. Mia mbili. Nikarudia. Mia mbili. Safi kabisa. Nikabadilisha anuani nikaweka ile ya kweli, ya kutumia watu wenyewe, nikaweka na namba za wateja. Hiyo ya kweli sikuijaribu. Ningeijaribu vipi bila kuamkia watu ovyo? (Chekeni taratibu.)

Leo asubuhi hakukuwa na umeme. Baridi ilikuwa ile yetu ya kuvaa sweta mbili. Mjomba amesimama mlangoni anaangalia barabara ya Mollo, anasubiri baiskeli. Mimi nasubiri umeme kuliko mtu yeyote hapa mjini. Mara taa, pa! Umerudi! Nikakimbilia stoo, nikaweka simu yangu kando ya kompyuta ili iigawie intaneti, nikaizindua programu.

Nikaona mstari wa kwanza unajiandika kwenye kioo "Naamkia..." Hata kabla sijaona jibu, mjomba huyo!

"Filbeti! Grisi imekwisha! Kimbia stendi kalete grisi!"

"Mjomba, nilikuwa naangalia hii..."

"Hiyo itajiangalia!"

Ikajiangalia kweli.

Nikaondoka mbio, simu nimeiacha kule kule maana ndiyo yenye intaneti. Njiani najisemea: nikirudi nitakuta foleni mpaka barabarani. Mjomba atanipa mkono. Labda atanishika bega. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota hela.

Sijafika mbali, pikipiki ikanipita. Nyuma amepakiwa mteja wetu Katekista Patrisi, suti yake ya kijivu, mkoba kifuani. Akaniona, akapunga mkono na kupaza sauti:

"Marahaba, Filbeti! Marahabaaa!"

Mimi nilikuwa hata sijafungua mdomo. Nikajua meseji imemfikia. Nikafurahi! Na kwa kuwa mtu mzima huwezi kumpita bila kumwamkia, nikapaza sauti, "Shikamoo katekista!"

Akageuka kule nyuma ya pikipiki mpaka nikahofia ataanguka. Ameshangaa. Akamwambia dereva kitu sikioni. Pikipiki ikakata kona kuelekea mashineni kwetu. Nikasema moyoni, mteja wa kwanza huyo! (Sikujiuliza mbona hana mahindi.)

Nikafika duka la vipuri. Mwenye duka ni mama mmoja mpole, naye huwa anasaga kwetu. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Aliitazama simu yake juu ya meza, akanitazama mimi, akaitazama tena simu.

"Na wewe mwenyewe umekuja?" akauliza.

"Ndiyo mama. Naomba grisi."

"Grisi." Akanitolea kopo huku ananichunguza. "Nyumbani mmelala salama?"

"Salama mama."

"Mjomba wako hajambo? Mnaelewana?"

"Tunaelewana mama."

Simu yake ikalia pale mezani. Akaisoma, akavuta pumzi ndefu. "Marahaba, mwanangu. Nimeitika, na Mungu ameona nimeitika. Nenda nyumbani. Usipite popote."

Nikaondoka nimechanganyikiwa kidogo, ila si sana. Nilidhani ndivyo watu wanavyokuwa wakipewa heshima ya kisasa.

Nakaribia mashine, nasikia kimya. Umeme upo, taa ya mlangoni inawaka, lakini mashine imezimwa. Mashine ya mjomba haizimwi umeme ukiwepo. Siku pekee niliyoiona imezimwa kulikuwa na msiba. Nikaanza kukimbia na kopo langu la grisi.

Nikaingia. Mungu wangu.

Wazee wamekaa juu ya magunia, wamepangana kama wako kanisani. Bibi Leokadia yuko mbele, amejifunga vitenge viwili na rozari iko mkononi. Katekista Patrisi kavua kofia. Mzee Masunga kakaa na fimbo yake ya kuswagia ng'ombe, baiskeli ameiegemeza ukutani. Wengine wamesimama nyuma. Hakuna aliyekuja na mahindi hata ya kujaza kofia. Na katikati yao amesimama Mjomba Akwilini, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, mikono nyuma, kama mtoto aliyechelewa kuhesabiwa namba shuleni.

"Huyo amekuja," akasema Bibi Leokadia. "Sogea, baba. Usiogope."

Nikasogea. Niliogopa.

"Akwilini," bibi akamgeukia mjomba, "tunakuuliza kwa mara nyingine. Umemfanya nini mtoto wa dada yako?"

"Bibi, sijamfanya kitu!"

"Mtoto haamkii hivi bure! Mimi ameniamkia nikiwa nakoka moto. Nikaitika. Ameniamkia nikiwa nachota maji. Nikaitika. Nimekaa chini nimenyoosha miguu, ameniamkia! Nikampigia, simu inaita tu, hapokei. Mtoto anayebisha hodi namna hii kwa wazee ana jambo limemkaba hapa." Akajishika koo.

Katekista akasema kwa upole, "Nami nimekutana naye njiani anakimbia. Nimemwitikia kwa mdomo, akaniamkia tena papo hapo. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nikamwambia dereva, geuza."

"Mimi nilishaelewa," Mzee Masunga akasema. Huyu huongea taratibu, kama anahesabu ng'ombe zizini. "Mimi nilikuwa njiani na baiskeli. Shikamoo. Naenda kidogo. Shikamoo. Nikajua, kijana ananibembeleza nisiichukue kompyuta yake. Hawezi kusema, ana haya. Anatumia shikamoo. Nikasema moyoni, mbona ananitia majaribuni asubuhi asubuhi?"

Mjomba akanigeukia. Macho mekundu. Nayajua macho yale.

"Kwa hiyo umenishtaki," akasema. "Umewaita wazee wote wa Chanji mpaka Mollo waje kunikalisha kikao kwenye mashine yangu mwenyewe. Kwa sababu ya kompyuta! Filbeti, si ungeniambia? Mimi si mjomba wako?"

Hapo ndipo nilipotamani sakafu ipasuke. Nilikuwa sijamshtaki mtu! Nilitaka kuwaambia habari za umeme! Lakini nyinyi mnanijua. Macho yalishaanza kutafuta sindano chini. Watu wote wananisubiri. Hata ile pikipiki nje dereva wake ameizima ili asikie vizuri.

"Sema, baba," bibi akanihimiza. "Tuko hapa kwa ajili yako. Sema neno moja tu."

Nikakusanya nguvu zote. Nikafungua mdomo. Na mdomo wangu, jamani, mdomo huu niliozaliwa nao, ukatoa neno lililozoea kutoka mbele ya wazee:

"Shikamooni."

"AAAH!" Wote! Kwa pamoja! Mwingine akapiga paja. Mwingine akaketi upya.

Na kabla ile "aaah" haijaisha, simu zikalia. Mfukoni mwa katekista, tii! Kwenye pindo la kitenge cha bibi, tii! Kwenye koti la Mzee Masunga, tii! Nyuma kule tii, tii, tii, kama vifaranga wamefunguliwa. Katekista akaitoa yake, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kusomea somo la kwanza:

"Shikamoo. Ni Filbeti wa mashine."

Wote wakanitazama mikono. Mkono mmoja una kopo la grisi. Mwingine mtupu.

Bibi Leokadia akapiga ishara ya msalaba. "Yuko mbele yetu," akasema polepole. "Mdomo umefungwa. Simu hana. Na bado anatuamkia."

Mzee mmoja kule nyuma akaanza kutafuta mlango.

Ndipo akili ikanijia. Nikatupa grisi, nikakimbilia stoo. Kompyuta iko pale pale, inapumua kwa nguvu, kioo kimejaa mistari kuanzia juu mpaka chini:

Naamkia... jibu 201. Hajaitika. Nitarudi.

Naamkia... jibu 201. Hajaitika. Nitarudi.

Naamkia... jibu 201. Hajaitika. Nitarudi.

Mia mbili na moja! Anuani ya majaribio ilikuwa inanijibu mia mbili, hii ya kweli inajibu mia mbili na moja! Nikaisimamisha programu. Nikashika simu yangu. Watu wamepiga mpaka inachemka. Nikafungua maelezo ya huduma, nikasoma polepole, neno kwa neno, nikitafsiri. Mia mbili na moja maana yake: nimepokea, na kile ulichoniomba nikifanye nimekifanya, kipo. Yaani hilo ni jibu zuri kuliko lile nililolijua mimi! Ni kama unamwamkia mzee, naye anaitika marahaba mwanangu, karibu ukae, chakula hiki hapa. Halafu wewe unasema huyu hajanisikia, unamwamkia upya.

Nikatoka na kompyuta mikononi. Nikasimama mbele ya kikao. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, nikaongea maneno mengi mfululizo mbele ya watu wazima. (Nilikuwa naitazama kompyuta, lakini niliongea.)

Nikawaeleza yote. Kwamba sikumshtaki mjomba. Kwamba sikuwa na shida yoyote, nilikuwa na habari. Kwamba niliona vibaya kuwapa habari kabla hawajaitika, kwa hiyo niliifundisha kompyuta isiseme neno mpaka iitikiwe.

"Sisi tuliitika!" bibi akalalamika. "Mimi nimeitika mpaka mate yamekauka!"

"Mliitika kwenye simu zenu, bibi. Yenyewe haiwasikii ninyi. Inasikiliza ile huduma ya kule inayotuma."

"Na huyo wa kule hakuitika?" katekista akauliza.

"Aliitika. Alisema mia mbili na moja."

"Na wewe ulimtaka aseme ngapi?"

"Mia mbili."

Mzee Masunga akaishusha fimbo yake chini taratibu.

"Yaani," akasema, "imezidi moja, basi tukaamkiwa toka jua linachomoza?"

"Ndiyo mzee."

"Imezidi. Haikupungua."

"Haikupungua mzee."

Katekista akaanza yeye. Alijikaza, mabega yakatikisika, miwani ikateleza puani, kikamtoka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho kanisani. Halafu wote. Bibi Leokadia alicheka kwa Kifipa, lugha yetu ya huku. Alisema maneno mawili matatu ya Kifipa ambayo siyaandiki hapa, wanaokijua wangenihurumia zaidi. Dereva wa pikipiki alicheka akatoka nje, akarudi ndani aendelee.

Mjomba peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama.

"Hiyo habari," akasema. "Hiyo uliyotaka kuwapa. Ni ipi?"

"Umeme umerudi, mjomba. Walete mahindi."

Akaitazama taa. Akaitazama mashine yake iliyozimwa. Akawatazama wateja wake, wamejaa nyumba nzima, hakuna mwenye mahindi. Nadhani ndipo ilipomuingia. Akashika kichwa, unga ukamwagika.

"Irekebishe," akasema. "Hapa hapa. Tukuone."

Nikakaa chini sakafuni. Wazee wakanizunguka, wanachungulia juu ya kichwa changu. Pale nilipokuwa nimeandika jibu liwe mia mbili tu, nikaandika lolote kuanzia mia mbili mpaka kabla ya mia tatu lihesabiwe ni marahaba. Mstari mmoja! Vidole vilikuwa vinatoka jasho na baridi yote ile. Katekista ananipumulia sikioni. "Sasa hiyo ndiyo inaitika?" "Bado katekista." "Na hiyo?" "Hiyo ni nukta mkato, katekista."

Nikazindua. Kila mtu simu mkononi.

Tii! Tii! Tii! "Shikamoo. Ni Filbeti wa mashine."

"MARAHABA!" wakaitika wote kwa sauti moja, kama wanamkemea mtu.

Tukasubiri. Kompyuta ikaandika: jibu 201. Ameitika. Halafu, jamani, tii! Tii! Tii! Meseji ya pili! Bibi Leokadia akampa katekista simu yake amsomee, ingawa na yeye anayo meseji hiyo hiyo.

"Umeme umerudi. Leta mahindi."

Bibi akaruka. Naapa aliruka. "Mahindi yangu yako nyumbani!" Akakusanya vitenge akatoka mbio. Wengine nyuma yake, wanagongana mlangoni. Aliyekuwa anatafuta mlango tangu mwanzo sasa ndiye aliyekwama. Katekista akadandia pikipiki huku anapaza sauti kwamba awekewe nafasi. Kufumba na kufumbua tumebaki watatu: mimi, mjomba, na Mzee Masunga na baiskeli yake ukutani.

Mimi nikaifunga kompyuta, nikaikumbatia. Nilijua bado. Baiskeli ilikuwa pale, inang'aa.

Mjomba akakohoa. "Masunga. Tulikuwa na maneno yetu."

Mzee Masunga akasimama. Akaiendea baiskeli, akaishika usukani, akaigeuza iangalie nje.

"Akwilini," akasema, "mimi natoka Mollo. Ng'ombe wangu wanaijua hii njia kuliko mimi, na kila wakifika hapa wanakuta mashine imelala. Nikiichukua kompyuta ya huyu kijana, nani ataniambia umeme umerudi? Binti yangu nitamtafutia nyingine. Nyamaza kwanza." Mjomba alikuwa ametaka kusema kitu. "Kompyuta ibaki hapa hapa. Ila kijana."

"Naam mzee."

"Kwangu shikamoo moja. Hata nisipoitika."

Akapanda baiskeli, akaondoka kwenda kumwambia kijana wake afunge ng'ombe kwenye tela.

Mjomba akaniangalia. "Unga wa madukani," akasema, "utapeleka kichwani."

"Sawa mjomba!" nikasema. (Hii ndiyo sawa mjomba ya kwanza niliyoisema kwa moyo wote.)

Mashine ikawashwa. Muda si muda foleni hiyo, mpaka barabarani, ndoo, viroba, mabeseni ya ulezi, matoroli. Watu wanapigiana hadithi. Kila anayenifikia ananiambia "marahaba" kabla sijasema kitu, halafu anacheka mpaka analishika gunia lake. Nilikuwa mweupe kwa unga, lakini chini ya unga nilikuwa mwekundu. Ila sikujali. Kompyuta yangu ilikuwa stoo, ipo, yangu!

Tumesaga la bibi. Tumesaga la katekista. Tunamimina la yule mama wa vipuri, mashine ikaguna, ikalegea, ikanyamaza. Taa ikazimika.

Umeme umekatika.

Foleni yote ikaguna. Halafu mjomba, mjomba wangu mwenyewe, aliyeisema vibaya kompyuta yangu mwezi mzima, akapaza sauti gizani:

"Filbeti! Masunga yuko njiani na tela, na wengine bado wanakuja! Waandikie haraka, waambie umeme umekatika!"

Nikakimbilia kompyuta. Nikaifungua. Nikajikuta, sijui ni ujasiri gani ulinipata, nachungulia mlangoni na kuuliza:

"Nianze na shikamoo?"

"HAPANA!" Foleni nzima. Mpaka barabarani. Mpaka na dereva wa pikipiki, ambaye hata hakuwa kwenye foleni.

Basi ndugu zangu, ndiyo hivyo. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi nikiwa nyuma ya viroba, maana nikitoka hapa nina unga wa kubeba kichwani kutwa nzima na siwezi kuinamisha uso.